Tulale Wapi? Safari ya Ahali Yangu Hadi Nyansiongo



Ndugu msomaji, shule zilipokaribia kufungwa mwezi wa Agosti uliopita, wajukuu zangu watano walinijia barazani baada ya sala ya Alasiri, wamejipanga kwa umri kama wajumbe walioleta posa. Msemaji wao alikuwa mkubwa wao, kijana wa miaka 13. Ombi lao lilikuwa kupelekwa Nairobi, kwenye bustani ya michezo yenye gurudumu kubwa linalomwinua mtu juu ya mapaa ya nyumba, ambayo wameiona kwenye simu za wenzao. Nikawauliza swali moja tu: "Na usiku mtalala wapi?" Wakatazamana. Hawakuwa wamelifikiria hilo. Nami nakiri leo mbele yenu kwamba sikuwa nimelifikiria vyema kuliko wao.

Makala haya ni juu ya swali hilo. Watu wetu wa mwambao siku hizi husafiri na ahali zao wakati wa likizo, jambo ambalo wazee wetu hawakulifanya ila kwa harusi, maziko na hija. Ni neema, alhamdulillahi. Lakini nimeona kwamba tunapopanga safari hizi huulizia nauli, bei ya tiketi na uzuri wa michezo, kisha malazi tunayaacha mwisho na kuchukua yaliyobaki. Mchana mtu huwa mgeni wa njia, na njia haina kinyongo. Usiku huwa mgeni wa mtu, na hapo ndipo zinapoingia haki.

Safari yetu ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni hiyo bustani ya Nairobi. Ya pili ni Nyansiongo, katika kaunti ya Nyamira, nyumbani kwa wazazi wa mke wa mwanangu wa pili. Binti huyu ni Mgusii. Alikuja Mombasa kusoma, akasilimu kwa hiari yake kabla hajamjua mwanangu, kisha Mwenyezi Mungu akawakutanisha. Wameoana sasa miaka 12 na wana watoto watatu. Wazazi wake ni Waadventista wa Sabato, watu wa dini yao barabara, na sitaficha kwamba siku binti yao alipobadili dini walihuzunika sana. Hata hivyo hawakumkataa. Mimi nilifika kwao mara moja tu, siku ya kupeleka mahari. Nilifika asubuhi, nikaondoka kabla ya jua kutua, na maji yangu ya kunywa nilikuwa nayo mkononi.

Mwaka huu baba mkwe wa mwanangu alinipigia simu mwenyewe. Alisema wajukuu ni wetu sote, na kwamba nyumba ya kijana wake mkubwa, anayefanya kazi mbali, iko wazi hapo uwanjani. Tulale humo siku tutakazo. Nilimshukuru kwa maneno mazuri, kisha nikafanya jambo ambalo sikumwambia mtu. Nilipiga simu katika nyumba moja ya wageni katika mji mwingine wa huko bara, nikakodi vyumba vitatu. Nilijiambia kwamba ni kwa sababu ya chakula, na udhu, na stara ya wanawake. Hizo zilikuwa sababu za kweli. Lakini sababu iliyokuwa chini yake ilikuwa woga tu wa kulala katika nyumba isiyo ya Kiislamu, na woga huo nilikuwa nimeuvisha kilemba cha fiqhi.

Tuliondoka Mombasa kwa treni ya asubuhi, ile inayosimama vituoni, watu tisa: mimi na mke wangu, mwanangu na mkewe, watoto wao watatu, na watoto wawili wa binti yangu mkubwa. Treni hii ya reli mpya, tangu ilipoanza mwaka 2017, imebadilisha safari za familia. Mtoto anaweza kusimama, mzee anaweza kunyoosha miguu, na mwenye udhu anaweza kuulinda. Mchana tulifika Syokimau, nje ya Nairobi, na hapo ndipo uamuzi wa kwanza wa malazi ulipotungoja.

Bustani waliyoitaka watoto ipo Two Rivers, upande wa barabara ya Limuru, kaskazini mwa jiji. Tungeweza kulala huko huko jirani na michezo. Ni karibu, lakini bei yake kwa vyumba vitatu ingemaliza nusu ya akiba yetu, na sikujua chakula chao kinachinjwa na nani. Tungeweza kulala South C, mtaa wenye Waislamu wengi, na si mbali sana na stesheni. Au tungelala Eastleigh, ambako msikiti hauko mbali popote ulipo, wali na nyama vinapatikana mpaka usiku, na vyumba ni vya bei ya kadiri. Nilichagua Eastleigh, na kwa upande wa dini na mfuko sikujuta.

Lakini kuna jambo sikulipima. Asubuhi ya pili watoto walivuka jiji wakiimba. Jioni walirudi njia ile ile, magari yamesongamana, mdogo wa miaka mitano akilia na dada yake akitapika. Ilikuwa safari moja kwa kipimo cha barabara, lakini kwa mtoto aliyechoka jioni ni ndefu mara mbili. Tangu siku hiyo nasema: anayetaka kupeleka watoto wadogo mahali pa michezo, na achague malazi kwa kuhesabu masafa ya kurudi, asihesabu ya kwenda. Kama hawezi kulipia usiku mbili karibu, na alipie mmoja, ule wa siku ya michezo. Na kuhusu michezo yenyewe, sitawadanganya kwamba watoto hawakufurahi. Walifurahi mno, na mpaka leo wanalitaja lile gurudumu.

Alhamisi tulikodi gari dogo tukashuka bonde la Mai Mahiu, tukapita Narok, ambako tulisali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, kisha Bomet na Sotik. Baada ya Sotik nchi inapanda na kukunjamana. Pale Chebilat unaiacha kaunti ya Bomet na kuingia Nyamira, na muda si muda unafika Nyansiongo, moja ya kata nne za Borabu. Mahali hapa pako juu, zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Sisi tuliozoea jasho la Mombasa tulitoka garini tukavuta pumzi kama waliotiwa maji ya barafu. Chai imetandikwa juu ya vilima kama zulia lililokatwa kwa mkasi, na kati ya mashamba hayo kuna malisho ya ng'ombe wa maziwa, migomba na mikalitusi mirefu.

Msomaji atashangaa kuona kwamba mashamba ya Borabu ni makubwa kuliko yale ya Ugusii kwingine, ambako watu wamebanana hata kaburi na jiko vinakaribiana. Sababu yake ni ya historia. Enzi za ukoloni ardhi hii ilikuwa ya walowezi wa Kizungu, sehemu ya nyanda za juu ambazo Mwafrika hakuruhusiwa kumiliki. Miaka ya mwanzo ya 1960, uhuru ukikaribia na baada yake, serikali ilianzisha mipango ya makazi. Mashamba ya walowezi yaligawanywa na familia za Kiafrika zikayanunua kwa mkopo. Baba yake mwenyeji wetu alikuwa mmoja wa hao walionunua. Hadithi hiyo nitairudia, kwa sababu ndiyo iliyonifunza.

Siku hiyo ya Alhamisi hatukusimama Nyansiongo. Nilimwambia dereva aendelee mpaka katika ule mji niliokodi vyumba. Mke wa mwanangu alitazama njia ya kwao ikipita dirishani. Hakusema neno. Aliteremsha ushungi wake kidogo mbele ya uso, akamlaza mtoto mapajani.

Nyumba ile ya wageni sitaitaja. Kwenye simu niliuliza kama pana maji ya moto, nikaambiwa yapo. Niliuliza kama pana mahali pa kuweka gari, nikaambiwa papo. Sikuuliza kuna nini ghorofa ya chini, na wao hawakuniambia. Ghorofa ya chini ilikuwa kilabu cha pombe. Muziki ulianza baada ya Isha na ulipigwa mpaka alfajiri ikakaribia. Walevi walipanda ngazi wakibisha milango isiyo yao. Mwanangu alikaa kwenye kiti nyuma ya mlango wa mkewe na watoto hadi asubuhi. Mimi, niliyekimbia nyumba ya wacha Mungu kwa kuhofia najisi, nilisali Isha sakafu ikitetemeka kwa ngoma ya walevi. Mke wangu alikuwa ametia nia ya kulipa siku moja ya Ramadhani aliyokuwa akidaiwa. Alikula daku yake ya tende na maji gizani, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mume wangu, tumewakimbia watu gani tukaja kwa watu gani?" Sikuwa na jibu.

Ijumaa asubuhi tulifungasha kila kitu tukarudi Nyansiongo.

Wenyeji wetu walitupokea bila kuuliza tumelala wapi. Walijua, mji mdogo hauna siri. Bibi wa nyumba alimkumbatia binti yake, kisha akamshika mke wangu mkono akampeleka jikoni. Huko, juu ya rafu, zilikuwa zimepangwa sufuria tatu, mwiko, kisu, sahani na vikombe, vyote vipya, karatasi za dukani zingali zimebandikwa. Alikuwa amevinunua siku mke wa mwanangu alipotoa habari kwamba tunakuja. Alimwambia mke wangu, "Sikujua sheria zenu zote, kwa hiyo nikaona nianze na vitu ambavyo havijawahi kutumika." Kibuzi kilikuwa kimefungwa nyuma ya nyumba, kikinisubiri nikichinje kwa mkono wangu.

Mke wangu aliponisimulia habari za sufuria hizo, nilitoka nje nikasimama peke yangu mbele ya chai.

Mwenyeji wangu alinifuata. Ni mzee wa miaka karibu sabini, mrefu, mwenye maneno machache. Aliniita omoko, yaani mkwe kwa lugha yao, kisha akanieleza jinsi baba yake alivyowaleta hapa yeye akiwa mtoto. Mlowezi alikuwa ameondoka, na nyumba kubwa ilikuwa haijagawiwa mtu. Usiku wa kwanza familia yote ililala katika banda la ng'ombe wa Mzungu, mvua ikinyesha. "Baba yangu," akasema, "alituambia tusisahau usiku ule, kwamba mtu anaweza kuwa na ekari nyingi na asiwe na mahali pa kulala. Kwa hiyo katika boma hili mgeni halali nje. Sheikh, miaka 12 nimejiuliza kama nyumba yangu ni chafu machoni penu."

Ndugu msomaji, nimesomesha fiqhi madrasa kwa zaidi ya miaka 25. Nimeulizwa maswali mengi mazito. Hilo ndilo lililonilaza kimya. Nilimwambia ukweli, kwamba uchafu ulikuwa katika dhana yangu, wala haukuwa nyumbani mwake, na nikamwomba anisamehe. Akacheka kidogo, akanishika bega, akaniuliza kama najua kumshika mbuzi wa bara, kwa kuwa wana nguvu.

Tulilala katika ile nyumba ya kijana wake mkubwa. Nataka kueleza jinsi tulivyopangwa, kwa sababu desturi ya Wagusii ilinishangaza kwa kukaribiana na adabu zetu. Kwao baba haingii ovyo katika nyumba ya mwanawe aliyeoa, na kati ya wakwe kuna heshima yenye mipaka mingi. Vijana wa kiume wanapokua hujengewa nyumba yao, wanayoiita esaiga, wakalala mbali na wazazi na dada zao. Nasi Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametuelekeza watoto watengwe malazi wafikapo miaka kumi. Basi wajukuu zangu watatu wakubwa wa kiume walipewa esaiga, wakajiona mabwana. Wanawake walikuwa na chumba chao chenye mlango wa kufunga. Hakuna hoteli iliyokuwa na mpango wa stara uliozidi huo.

Jioni ile ya Ijumaa lilitokea jambo ambalo halitanitoka. Jua lilikuwa linashuka, nasi tumekaa uwanjani. Nyumba nzima ilikuwa ikikimbizana na kazi: kuni zikikatwa, maji yakitekwa, maziwa yakikamuliwa mapema, nguo zikianuliwa. Waadventista huianza Sabato yao Ijumaa jua linapotua na kuimaliza Jumamosi jua linapotua. Kwao, kama kwetu, siku haianzi usiku wa manane, huanza magharibi. Mke wangu alikuwa na tende mkononi. Mara simu ya mjukuu wangu, ambayo nyakati zake za sala zilikuwa zimewekwa za Mombasa, ikaadhini. Mke wangu akainua tende kuipeleka kinywani.

Mwenyeji wangu, aliyekuwa amesimama na mtungi wa maziwa, akasema kwa upole, "Mama, bado. Jua halijatua." Akanyoosha mkono kuelekea magharibi. Tukageuka. Kweli, kingo ya jua ilikuwa bado juu ya kilima, na mwanga wake wa dhahabu ulikuwa juu ya chai.

Mke wangu akaishusha tende. Lau angeila, siku yake ya kulipa ingeharibika. Nyansiongo iko magharibi mwa Mombasa kwa zaidi ya digrii nne na nusu za longitudo, na kila digrii moja ni dakika nne. Mwezi wa Agosti magharibi huchelewa huko kwa takriban dakika 20 kuliko kwetu. Mimi mwalimu wa watu sikulikumbuka hilo. Alilikumbuka mzee Mwadventista, kwa kuwa naye kila wiki hulichunga jua lile lile kwa kumcha Mungu. Tulingoja pamoja uwanjani, watu wa dini mbili, mpaka kingo ya mwisho ikazama. Hapo yeye akaingia ndani kuwasomea watu wake, na mjukuu wangu akasimama ukumbini kwa adhana.

Na kibla? Kwetu Mombasa Makka iko kaskazini moja kwa moja, hata wazee wetu kaskazini huiita kibla. Nyansiongo inabidi ugeuke kidogo kuelekea mashariki kutoka kaskazini. Ni kidogo tu, lakini anayekwenda na mazoea ya nyumbani atakosea.

Tuliazimia kulala hapo siku tatu: Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, tuondoke Jumatatu asubuhi. Idadi hiyo niliichagua kwa makusudi. Kwanza, tumefundishwa kwamba haki ya mgeni ni siku tatu, na kinachozidi hapo ni sadaka ya mwenyeji. Si adabu kumfikisha mwenyeji kwenye kutoa sadaka. Pili, katika madhehebu yetu ya Shafii, msafiri aliyevuka masafa ya kupunguza sala, takriban kilomita 81, huendelea kupunguza madhali hakunuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka. Anayepanga likizo na alijue hilo kabla ya kukodi vyumba, maana idadi ya siku atakazonuia ndiyo itakayoamua rakaa zake.

Jumamosi wenyeji walikwenda kanisani, nasi tukabaki boma likiwa kimya. Hawakupika kwa moto mkubwa wala kufanya kazi, na sisi tulichukuana nao, hatukuwasha redio wala kuwatuma watu. Watoto walilalamika asubuhi kwamba hakuna cha kufanya. Adhuhuri walikuwa wamekwishajenga bwawa katika mfereji. Mdogo alikuja kwangu na swali la kustaajabisha: "Babu, mbona mama anamwita mama yake baba?" Nilicheka, maana ni kweli: kwa Kigusii baba ni mama, na baba mzazi huitwa tata. Bibi yao wanamwita magokoro. Neno hilo walilishika kwa siku moja, wakaliimba mpaka likachosha.

Jumapili waliamshwa alfajiri kwenda kuchuma chai. Walifundishwa kuchuma majani mawili na kichipukizi chake, si zaidi, kwa kuwa jani gumu hukataliwa. Walivishwa mablanketi mabegani kwa baridi, kila mmoja na kikapu chake. Walivuna kidogo mno, lakini waliandamana na mzigo hadi kituo cha kununulia, ambako chai hupimwa na kuandikwa kabla ya kupelekwa katika kiwanda cha Nyansiongo, kimojawapo cha viwanda vya wakulima wadogo chini ya KTDA. Mkubwa wao alisoma hesabu ya kikapu chake, kisha akauliza kikombe kimoja cha chai yetu ya barazani huchumwa na mikono mingapi. Jibu sikuwa nalo. Bali nilifurahi kwamba swali limeulizwa.

Usiku wa mwisho tulikula wali niliobeba kutoka nyumbani, nyama ya kile kibuzi, ugali wao wa wimbi na mboga ya chinsaga, chungu kidogo na tamu baadaye. Baada ya chakula, mke wa mwanangu alizungumza. Kwa siku zote hizo alikuwa amesema machache. Aliniambia, "Baba, Alhamisi tulipopita njia ya kwetu nilidhani nitalazimika kuchagua tena. Nilipochagua dini yangu sikujuta. Lakini sikutaka kuchagua mara ya pili." Mama yake alikuwa akisikiliza. Alichukua ncha ya ushungi wa binti yake, akamrekebishia ulipokuwa umeteleza. Sisi sote tulinyamaza.

Sasa, kwa ufupi, nawausia wale wanaopanga safari za ahali zao. Piga simu kabla, na uulize yale unayoona haya kuyauliza: kuna nini ghorofa ya chini, pombe inauzwa hapo, chooni mna maji ya kustanjia, milango inafungwa kwa ndani. Wapo watoto wadogo? Pima njia ya kurudi usiku. Chukua nyakati za sala za mahali uendako, wala usitegemee za nyumbani. Kwa nyanda za juu mwezi wa Agosti beba nguo nzito na soksi za mtoto, maana blanketi la mwenyeji mmoja halitoshi watu tisa. Beba unga, mchele na viungo vyako, ili usimlemee mtu. Na kama una ndugu, mkwe au rafiki katika nchi hiyo aliyekukaribisha kwa moyo, mwambie waziwazi masharti ya dini yako, kisha mwachie nafasi ya kukutimizia. Huenda amekwisha kununua sufuria mpya, na wewe hujui.

Sisemi kila mtu alale kwa asiye wa dini yake. Yapo mazingira ambamo hoteli ni bora, na mwenye kuchelea fitina kwa ahali yake ana haki ya kujiepusha. Ninalosema ni kwamba tusiite woga wetu uchaji.

Mwezi wa Desemba, inshaallah, wenyeji wetu watashuka Mombasa. Wajukuu wao wengine hawajapata kuiona bahari, na kwao Fort Jesus na Haller Park ya Bamburi ndizo bustani zao za ndoto, kama lile gurudumu la Nairobi lilivyokuwa kwa wetu. Mwenyeji wangu aliniuliza kwenye simu, kwa utani wenye ncha, kama awatafutie hoteli. Nikamwambia chumba cha juu kimepakwa rangi, na kinaelekea upepo wa bahari. Mke wangu amekwisha kununua shuka. Matembezi yote nimeyapanga katika siku za wiki. Jumamosi sikuiandikia kitu. Na Ijumaa jioni, jua likikaribia kutua, tutakaa barazani pamoja tulitazame, kila mmoja kwa haja yake na Mola wake.

Wabillahi tawfiq.